Abiria au Mgeni

"Hukuwa abiria, dada. Ulikuwa mgeni wangu. Hayo ni mambo mawili tofauti."

"Nieleze tofauti yake, maana mfupa uliovunjika ni uleule."

"Abiria yuko mikononi mwa kampuni. Mgeni amepewa lifti tu, kwa wema."

"Na kwenu mgeni hukaribishwa kwenye tako la lori la mchanga?"

Hapo mama wa chumba cha karibu na bomba, aliyekuwa anasuuza mashuka, akafunga maji. Si kwamba alikuwa amemaliza. Maji yalikuwa yanamzuia kusikia.

Mama Pindo alikuwa amekaa kwenye kibaraza chake kama kawaida, nyuma ya cherehani, ila siku hiyo cherehani ilikuwa imefunikwa kitambaa, na mkono wake wa kulia ulikuwa unaning'inia shingoni kwa kipande cha satini ya maua. Ile bandeji ya hospitali aliiona haina adabu. Upande wa pili wa ua, mbele ya mlango wake, alisimama Nyota Tano akiwa ameshika mswaki. Meno alikwisha kuyasugua zamani, ila hakutaka ionekane ametoka nje kwa ajili ya ugomvi.

Jina la Nyota Tano alijipa mwenyewe, na watu wakalipokea kwa kuchoka kubisha. Alikuwa dereva wa yale magari ya kuita kwa simu, ambayo abiria akishuka humpa dereva nyota kadiri alivyoridhika, na yeye hakuwahi kushuka chini ya tano. Alikuwa akiwaonyesha hata wauza mkaa. Mkewe aliwahi kusema kwamba siku akifa watu wasihangaike kuandika wasifu wa marehemu, wasome nyota tu waende makaburini.

Mambo yenyewe yalikuwa hivi. Mama Pindo alikuwa na magauni ya wasimamizi wa harusi ya kupeleka kwa mwenyewe, mzigo mkubwa, jua kali. Akachukua simu, akaita gari. Gari likaja, na ndani yake nani? Jirani yake.

"Dada, unaniita kwa mitambo na mimi niko nyuma ya ukuta? Si ungepiga kelele tu."

Wakacheka. Mama Pindo akaingia nyuma na magauni yake, akayapakata kama mtoto mchanga. Nyota Tano, kwa mazoea, akabonyeza kuanza safari, ndipo wema ukamwingia. Akasema kampuni inakata fungu lake kwa kila safari, na haoni sababu ya wageni kula kati ya dada na mdogo wake. "Ifute hiyo safari kwenye simu yako. Utanipa cha kufuta jasho, basi."

Mama Pindo akabonyeza, akabonyeza tena, akasema, "Tayari. Nimefuta."

Wakaondoka wakipiga soga. Baada ya soko, penye kona, lori la mchanga lilikuwa limeegeshwa nusu barabarani, hakuna alama wala tawi la mti la kumwonya mtu. Lori lile lilionwa na wauza maji, lilionwa na mbuzi. Nyota Tano hakuliona. Mama Pindo alisema ni kwa sababu alikuwa anatazama simu. Nyota Tano alisema alikuwa anatazama barabara, tatizo ni barabara yenyewe kuwa na lori. Walichokubaliana wote wawili ni kwamba tangu alfajiri ya siku iliyotangulia alikuwa hajalala, maana alikuwa anawinda safari za usiku, na safari za usiku ndizo zinazolipa.

Magauni hayakupata hata kunyanzi. Mkono ndio ulivunjika, juu kidogo ya kiwiko. Daktari alisema bila kuupasua na kuutia chuma utaunga wenyewe, lakini utaunga umepinda. Mama Pindo hakuhitaji kuelezwa zaidi. Mkono uliopinda haupitishi kitambaa chini ya sindano, na yeye hakuwa na kazi nyingine, hakuwa na mume, na wanawe walikuwa mbali na matatizo yao wenyewe. Gharama ya hicho chuma ilikuwa ya kutajwa kwa sauti ya chini. Kwa hiyo alitaka alipwe fidia na yeyote anayepaswa kulipa. Ndiyo maana alitaka kuitwa abiria, na ndiyo maana mwenzake aling'ang'ania mgeni.

"Nyamazeni nyote wawili," akasema Mstaafu. "Mnagombania kitu msichokijua."

Mstaafu alikuwa mpangaji wa chumba cha katikati. Maisha yake yote ya kazi alikuwa tarishi wa mahakama, anabeba mafaili kutoka chumba hiki kwenda kile, na aliamini kabisa kwamba sheria ilimwingia kwa kupitia kwapani.

Alivuta kigoda akakaa katikati ya ua, mahali ambapo kila mlango unamwona. "Kesi hii imesimama kwa mguu mmoja. Kama safari ilikuwa hai kwenye simu, abiria anafunikwa na bima ya kampuni. Kama ilifutwa, kampuni inanawa mikono, mnabaki wewe na jirani yako. Na jirani yako ana nini? Ana nyota. Daktari atakutia nyota mkononi?"

"Ilifutwa," akasema Nyota Tano kinyonge. "Nilimwambia mwenyewe afute."

"Basi haikufutwa."

"Ilifutwa, mzee wangu."

"Mwanangu, hebu nisikilize vizuri. Haikufutwa. Na lori lilirudi nyuma."

Nyota Tano akafikiri. Kama lori lilirudi nyuma, yeye hana kosa. Kama safari haikufutwa, hakuiba safari ya kampuni. Bima inalipa, dada anapona, na nyota zinabaki angani. Akaweka mswaki mfukoni. "Sasa nakumbuka vizuri," akasema. "Lilirudi nyuma, tena kwa kasi."

Hivyo ndivyo ugomvi ulivyokwisha. Waliokuwa hawasalimiani tangu juzi wakaungana mikono, wa kulia wa Mama Pindo ukiwa kwenye satini, wakaanza kutunga.

Ila hapa Mama Pindo alipata shida ambayo uani hakuijua mtu. Safari kweli haikufutwa. Yeye hakujua kufuta. Alijua kuita gari, na kwa ujuzi huo alikuwa amejipandisha cheo: ndiye aliyewafundisha wanawake wa ua mzima kuita magari, akiwasogezea vidole kama mwalimu wa chekechea, akimwambia mama wa bombani kwamba dunia ya sasa haimsubiri mtu. Siku ile garini alibonyeza hapa, akabonyeza pale, kigari kidogo kikawa kinazunguka kwenye kioo cha simu, akaona aibu kusema hajui. Akasema tayari.

Sasa walikuwa wanamfundisha aseme uongo, na uongo wenyewe ulikuwa ndio ukweli wake. Angeweza kusema pale pale, jamani, msihangaike, mimi hata kufuta sijui. Lakini alimwona mama wa bombani amesimama na shuka mkononi, masikio yamesimama. Mama Pindo akaona heri aonekane mwongo kuliko aonekane mjinga. Mwongo huwa ana watu wake. Mjinga hucheka naye nani?

"Haya, sema," Mstaafu akamwamuru.

"Sikufuta safari."

"Aa. Unatazama chini. Uongo hausemwi ukitazama chini. Inua uso, sema kama kitu kilichotokea."

"Sikufuta safari."

"Anaona haya," akasema mama wa bombani kwa huruma. "Hajazoea kusema uongo, maskini. Mwache kidogo."

Kufikia jioni kesi ilikuwa imenenepa. Gari lililoondoka na watu wawili likawa na mashahidi wa kujaza basi. Mama wa bombani alikuwa kiti cha mbele. Fundi viatu wa barabarani alikuwa kwenye kona, akaona lori linavyorudi nyuma huku dereva wake anakula muwa. Muwa aliuongeza mwenyewe, na Mstaafu akausifu, akasema mahakama hupenda kitu kama hicho. Mtu mmoja alitaka Mama Pindo avae na kola ya shingo. Akakataa, akasema shingo yake haijamkosea mtu.

Siku iliyofuata, mchana, akaja wakili.

Hakuja kwa ajili ya kesi. Alikuja kuchukua joho lake la mahakamani, alilokuwa ameleta lipunguzwe urefu kwa sababu alikuwa analikanyaga kila anaposimama kumpinga mtu. Alikuwa msichana mdogo, mkavu wa maneno, amevua viatu kukwepa tope la bombani, na alikuwa akimwita Mama Pindo mama tangu siku alipomshonea suti ya kwanza ya kazi. Alipouona ule mkono akasahau joho.

"Mama. Nani kakufanya hivi?"

Hilo ndilo swali ambalo ua wote ulikuwa unalisubiri. Milango ikafunguka. Mstaafu akatokea amevaa koti. Nyota Tano akaja na kiti. Mama wa bombani akaja bila kisingizio chochote, akakaa chini. Wakaanza kueleza wote kwa pamoja, na kila aliyesema alikuwa garini.

Wakili aliwasikiliza mpaka wakachoka. Kisha akauliza, "Hilo gari lilikuwa na viti vingapi?"

Mama wa bombani akaanza kuhesabu kwa vidole.

"Mama, niambie wewe. Ulimwita kwa simu?"

"Nilimwita."

"Safari ilifutwa?"

Mama Pindo akainua uso kama alivyofundishwa. "Sikufuta safari."

Wakili akamtazama, akamtazama Mstaafu aliyekuwa anatikisa kichwa kama mwalimu aliyeridhika, akashusha pumzi. "Mama, nakuheshimu sana. Usiniambie ulichofundishwa. Kila dereva huwaambia watu wafute, na kila abiria akiumia huja kwangu akisema hakufuta. Bima wanajua wimbo huo kuliko ninyi. Wakikukamata na uongo mmoja, hata mfupa wenyewe watasema umeuazima."

"Lakini sikufuta."

"Mama."

"Sikufuta, mwanangu."

"Basi kama hutaki kunisaidia, siwezi kukusaidia." Akaanza kuinuka, joho mkononi.

Mama Pindo akauona mkono wake ulivyopinda kabla haujapinda. Aliiona cherehani imefunikwa mwaka mzima, halafu imeuzwa. Akamtazama mama wa bombani mara moja, kama mtu anavyotazama nyumba yake kabla ya kuhama.

"Sikufuta kwa sababu sijui kufuta," akasema. "Kuita najua. Kufuta sijui. Nilibonyezabonyeza tu, nikasema tayari."

Mama wa bombani akamgeukia. "Na sisi unatufundisha," akasema taratibu.

"Nawafundisha kuita. Nani kawaambia nafundisha kufuta?"

Kicheko kilichotoka hapo kiliamsha hata waliolala mchana. Wa kwanza kukatisha alikuwa Nyota Tano. Alipiga paja lake kwa nguvu, uso umemng'aa kama mtu aliyepata jibu la kitendawili kilichomnyima usingizi.

"Ndiyo maana," akasema. "Ndiyo maana yule mwanamke wa kwenye simu hakunyamaza. Njia nzima, pinda kushoto, endelea mbele. Nikawa najiuliza, safari si imefutwa, huyu anampeleka nani? Mpaka nikainama kumwangalia, nikasema hebu ngoja nimzime, ndipo..."

Akaishia hapo. Sentensi yenyewe ilikwenda ikagonga lori.

Njia ya mwongo ni fupi, wanasema. Ya Nyota Tano ilifupishwa na furaha.

Wakili akakaa tena, polepole. "Endelea, kaka. Ukainama kumwangalia."

"Kwa njia ya mfano," akasema Nyota Tano.

"Na lori halikurudi nyuma."

"Halikurudi nyuma," akasema Mstaafu haraka, "mimi nililisema hilo tangu mwanzo."

Wale waliokuwa tayari kuapa kwamba wameona wasichokiona sasa walikuwa wamesikia kitu cha kweli kwa masikio yao wenyewe, mbele ya wakili. Hawakupenda hali hiyo hata kidogo. Fundi viatu alikumbuka kuna mteja. Mama wa bombani alikumbuka mashuka, ingawa hakwenda mbali.

"Mkanda ulifunga, mama?"

"Hapakuwa na pa kuchomeka."

"Gari gani halina pa kuchomeka mkanda?"

Nyota Tano alifungua mdomo. Ilikuwa nafasi yake, na alistahili kuitumia. Vitambaa vya viti vya gari lile, vyekundu vyenye pindo jeusi, alivishona Mama Pindo mwenyewe, zawadi ya kumpongeza aliponunua gari. Alivishona kwa upendo mkubwa, vikabana kila mahali, vikafunika na vishikizo vya mikanda ya nyuma. Wapangaji walipovisifu alisema fundi mzuri haachi tundu.

Nyota Tano akafunga mdomo. "Vitambaa vilikuja na gari," akasema.

"Havikuja na gari," akasema Mama Pindo. "Niliziba mimi. Kama leo ni siku ya kuvuana nguo, na tuvuliwe wote."

Wakili akacheka kwa mara ya kwanza. "Ninyi watu mnapendana vibaya sana," akasema. Kisha akawaeleza, bila haraka, kama anayekata kitambaa cha mtu mwingine. Safari ilikuwa hai, kwa hiyo mlango wa kwanza ni bima ya kampuni. Lori liliegeshwa ovyo, kwa hiyo mwenye lori naye ataandikiwa, maana ajali moja inaweza kuwa na wakosaji zaidi ya mmoja. Suala la mkanda bima watalishikilia, watasema angefunga angeumia kidogo, watataka kupunguza fidia. Wapunguze, lakini si kufuta. Vyeti vyote vya hospitali vitunzwe, hata vya dawa za maumivu.

"Na kampuni wamekutafuta?"

"Walinitumia ujumbe wa pole. Na kitu cha kubonyeza, kwamba nimekubali, yameisha."

"Ukabonyeza?"

"Mwanangu, nimeshakwambia sijui kubonyeza."

"Asante Mungu," akasema wakili. "Endelea hivyo hivyo. Sasa, polisi wameandika nini?"

Watu wote wakamtazama Nyota Tano. Polisi waliandika alichosema yeye, na alichosema yeye ni lori tupu, mwanzo mpaka mwisho.

"Itabidi uende ukaseme upya," wakili akamwambia. "Ukweli wote. Simu, usingizi, vyote. Bima ikiona maelezo yako yanapingana na ya abiria wako, watakaa juu ya madai haya mpaka mkono uunge kombo."

"Nikisema hivyo wananifungia akaunti."

"Huenda."

"Nina watoto, wakili."

"Najua. Na usiposema, nitaandika jina lako pale juu kwenye orodha ya wadaiwa, pamoja na la kampuni. Sitapenda."

Nyota Tano akainuka, akachukua kiti chake, akaingia nacho ndani. Hakuna aliyemlaumu kwa sauti. Mstaafu akavua koti, akasema kesi imeharibika, hakuna kitu kigumu kama kesi ambayo kila mtu amesema kweli.

Siku zile zilizofuata zilikuwa mbaya kwa Mama Pindo kuliko siku ya ajali yenyewe. Mkono ulimuuma usiku, na mchana ukamkera. Mke wa Nyota Tano aliendelea kuja kumsuka na kumchotea maji, na kumwita wifi kama kawaida, lakini la mumewe halikutajwa. Mama Pindo naye hakuuliza. Kumlazimisha hakuweza, na kumwomba hakutaka. Usiku alikuwa anajaribu kupitisha uzi kwenye sindano kwa mkono wa kushoto, anaukosa, anailaza sindano kifuani, anatazama dari.

Siku moja mke wa Nyota Tano alihamisha na jiko lake. Akasema mkaa wa kupikia sufuria mbili ni ubadhirifu, akapika chumbani kwa Mama Pindo, watoto wakaja kula huko, na mama wa bombani, ambaye alikuwa amepita tu, akabaki. Hata Mstaafu aliletwa na harufu. Chumba kikajaa, magoti yamegusana, kila mtu anasimulia na hakuna anayesikiliza.

Ndipo Nyota Tano akatokea mlangoni. Alikuwa ametoka mjini kwa miguu, viatu vimejaa vumbi. Hakuingia.

"Nimekwenda," akasema.

Mama Pindo akaweka kijiko chini. "Wapi?"

"Polisi. Nimesema nilikuwa naangalia simu. Nimesema sikulala." Akajifuta jasho. "Askari kaniuliza mara mbili kama nina akili timamu. Anasema hajawahi kuona mtu anafunga safari kuja kujisemea. Wakili alikuwepo, anasema madai yamekwenda leo hii, na hospitali watakupangia siku ya kutiwa chuma kwa barua yake."

"Na kampuni?"

"Wamenifungia. Sikuwa nimefika hata barabara kubwa."

Mkewe hakuinua uso kwenye sufuria, lakini mkono wenye upawa ulisimama.

Mama Pindo alimtazama yule mtu mlangoni. Alikuwa na maneno mengi tayari, aliyaandaa siku zote zile, mengine ya kuchoma na mengine ya kupuliza. Akayatafuta, hakuliona hata moja linalomtosha. Akamsukuma Mstaafu kwa kiwiko kizima ili asogee.

"Sasa umesimama hapo kama mtoza kodi kwa nini?" akasema. "Nawa mikono, ingia ule. Hawa wakikutangulia, utakuta sufuria inakuaga."